Matone ya macho niliyomwekea baba mwenye pumu

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijalitia chumvi, na hata ndugu zangu wa tumbo moja hawalijui lote. Mwenye mzazi aliyevuka miaka sitini asome taratibu.

Nanunua mahindi na kahawa hapa Mlowo. Mwaka juzi nilimleta baba kwangu kutoka Ileje, maana mama alishafariki na mzee alibaki peke yake kule milimani.

Baba aliugua pumu utotoni. Bibi alikuwa akitusimulia alivyombeba mgongoni huku kifua kinapiga filimbi. Alipokua ikamwacha. Kalima, kapanda milima na mizigo kichwani, hajalalamika kifua hata siku moja.

Sasa alipofika kwangu nikaona anachoka ovyo. Kutoka sebuleni hadi getini anapumzika mara mbili. Alfajiri kikohozi kikavu. Filimbi hakuna.

Tukasema uzee huo. Kapimwa TB, hana. Mwishowe daktari mmoja akatuambia ni pumu, imerudi, na kwa watu wazima inaweza kuja na uchovu na kikohozi tu, ndiyo maana wengi wanausingizia umri.

Akapewa inhaler. Hapo napo ikawa shughuli. Vidole vimekakamaa, akibonyeza, dawa inaishia kwenye ndevu. Nesi akatutobolea chupa tupu ya maji ya plastiki, inhaler inachomekwa kwenye tundu, dawa inaingia humo kwanza, mzee anavuta polepole. Ikamsaidia sana.

Ila jina la pumu alilikataa katakata. "Pumu ni ya watoto. Mimi nina kifua tu."

Tukacheka. Laiti tungejua.

Baadaye wakaja madaktari wa macho, wakapima watu kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee akakutwa na presha ya macho. Kabla ya kumpa dawa, dokta akamuuliza waziwazi: mzee, una pumu?

Baba akajibu, "Sina."

Mimi nimesimama pembeni, nimeshika koti lake, inhaler imo mfukoni mwa koti hilohilo.

Wakuu, kwetu mtoto hamkanushi baba yake mbele za watu. Nikanyamaza. Nikajiambia nitarudi baadaye nimnong'oneze dokta. Sikurudi.

Tukapewa matone. Asubuhi tone, jioni tone. Kazi ikawa yangu, kwa sababu kwetu Wandali, kwa watu wa rika la baba, mkamwana hamsogelei baba mkwe, seuse kumshika uso. Mke wangu akisikia mzee anakuja sebuleni, yeye anahamia jikoni. Kwa hiyo nilimwekea mimi, na sikuruka hata siku moja.

Haikupita wiki kifua kikaanza kubana. Inhaler haimpi nafuu kama zamani. Nikalaumu vumbi la mahindi, nikahamisha magunia yote niliyokuwa nimehifadhi nyumbani. Nikalaumu baridi. Nikiwa kazini, simu ikiita tu nadhani ndiyo taarifa ya msiba.

Mke wangu akaniambia, "Baba Tumaini, mzee akishawekewa dawa ya macho ndipo kifua kinapoanza. Nikiwa jikoni nasikia kila siku."

Nikamjibu kwa kiburi, "Jicho na kifua wapi na wapi?"

Wiki iliyofuata akarudia. Nikamwambia aache udaktari.

Asubuhi moja nimemaliza kumdondoshea, hata kifuniko sijarudisha, baba akashika ukingo wa meza. Anataka kuongea, neno halifiki mwisho. Midomo inabadilika rangi. Nikapiga kelele jirani alete gari lake, Noah.

Mke wangu akasimama mlangoni, akaweka mfuko sakafuni. "Dawa zake zote zimo. Weka na hiyo ya macho. Mpe dokta aione."

Kutoka Mlowo hadi hospitali ya Vwawa si mbali, lakini siku ile malori ya Tunduma yalijaa barabarani na mimi nasikiliza pumzi moja baada ya nyingine. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Wakamweka oksijeni na dawa ya mvuke. Alipoanza kutulia, dokta akamwaga mfuko mezani. Akaokota kichupa cha macho, akasoma, akanitoa nje.

Akaniambia ile dawa haibaki jichoni, inaingia mwilini, na kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa na kuifanya inhaler ishindwe kazi. Akauliza nani anamwekea.

Nikasema ni mimi. Nikakaa kwenye benchi.

Baba alipona. Akaandikiwa matone ya aina nyingine, na kifua kimetulia.

Nilichojifunza: pumu ya utotoni inaweza kurudi uzeeni na sura nyingine. Mzee akiulizwa magonjwa yake, sema ukweli hata kama yeye anakataa. Dawa zote zipelekeni kwa dokta, za macho pia, wala msiziache kiholela bila kumuuliza. Na mkeo akikuambia jambo mara mbili, msikilize.

Ila kuna kitu kinanitafuna. Sijamwambia baba. Dawa ilipobadilishwa nilimdanganya kwamba ile ya kwanza imeadimika.

Kila mgeni akija, mzee anamvuta kiti karibu na kumsimulia: "Macho haya ninayokuona nayo ni ya huyu mwanangu. Hakuruka hata siku moja kuniwekea dawa." Mimi nachukua vikombe naenda kuviosha.

Wakuu, ingekuwa wewe, ungemwambia?