Nyaya Mbili Katika Kibanja cha Bibi Koku

Nilikwenda Karagwe kwa sababu ya kiherehere changu. Bosi wetu pale Bukoba aliuliza nani anajua kufunga nyaya mbili za kompyuta zifanye kazi kama waya mmoja. Wenzangu wote wakatazama viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono. Kusoma nilikuwa nimesoma, tena ukurasa mmoja na nusu; kufanya, hata siku moja. Bosi akasema, "Sawa. Ukiharibu, tafuta kazi nyingine hukohuko."

Saa kumi na mbili asubuhi gari la mradi lilinichukua. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kompyuta bado zinavishwa vitambaa kama makochi ya mchungaji. Nilipakata kitabu cha maelekezo nikijidai fundi mzoefu, lakini baada ya Kyaka barabara ilianza kuturusha, na kila mstari niliousoma uliruka mpaka wa tatu. Dereva aliniuliza kama ni Biblia. Nikamwambia kwa leo, ndiyo.

Saa saba mchana tulifika Nyakasimbi, mimi mwekundu kwa vumbi hadi kope. Alinipokea Consolata, karani mkuu wa mradi wa macho, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Pole na safari. Kesho madaktari wanaanza kupasua macho kule Kamuli. Gari la kupeleka orodha linaondoka saa kumi na moja jioni. Asiyekuwemo, hapasuliwi, na madaktari hawarudi mwaka huu. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri mno. Majina na picha za macho vilikuwa kwenye kompyuta za jengo la chini, printa ilikuwa jengo la juu, na vyote vilipita waya mmoja, polepole kama msafara wa harusi. Kila jengo lilikuwa na swichi, yaani kile kisanduku kinachokusanya nyaya zote. Kazi yangu ilikuwa kuongeza waya wa pili kati ya swichi hizo.

Katikati ya majengo kulikuwa na kibanja cha Bibi Koku, migomba na mibuni, nyasi zimetandazwa chini vizuri kuliko kitanda changu. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, naye alikuwa akisubiri kupasuliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Waya si upo tayari? Huu mwingine wa nini? Ule wa kwanza umeoa?"

"Bibi, mmoja ukikatika, mwingine unabeba mzigo wote. Kazi haisimami."

"Kweli?"

"Kweli kabisa," nikasema, ili aniache nichimbe mfereji wa waya kibanjani mwake.

Saa tisa nilichomeka nyaya zote mbili kwa mbwembwe, kabla ya kuziambia swichi kwamba hizo ni njia moja. Lahaula! Taarifa zikaanza kuzunguka, zinatoka huku zinarudia kule, mpaka kompyuta zote zikaganda. Consolata alisimama mlangoni mikono kiunoni. Nilichomoa waya mmoja, nikarudi kwenye kitabu, nikaiagiza swichi ya chini, nikapanda mbio kuiagiza ya juu maneno yaleyale, ndipo nikachomeka tena. Taa zikawaka kijani. Saa kumi printa ilianza kutapika majina.

"Hebu chomoa mmoja tuone," Consolata akasema.

"Haina haja." Ukweli ni kwamba niliogopa.

Saa kumi na nusu nilitoka kupunga upepo. Nikamkuta Bibi Koku na jembe, kando ya shimo jipya na chipukizi la mgomba. Waya wangu ulikuwa vipande viwili.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Ulikuwa umelala kwenye shimo langu. Si umesema mwingine unabeba?"

Nilikimbia nikipiga yowe, kandambili moja nikaiacha kwenye nyasi. Akilini niliwaona wazee wote wa Kamuli wakirudi nyumbani na ukungu wao machoni, kwa ajili ya kiherehere changu. Nilipofika ofisini printa ilikuwa inaendelea, krr, krr, kama haijasikia lolote. Consolata aliniuliza kama nimefukuzwa na nyuki.

Bibi Koku alifika nyuma yangu taratibu, udongo mikononi. Ukurasa wake ulikuwa ndio kwanza unatoka.

"Jina langu limo?"

"Limo, bibi. Jicho la kushoto."

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

Niliona aibu kwelikweli, nikarudi kwenye nyasi kutafuta kandambili yangu.

Asubuhi, orodha ikiwa imeshakwenda Kamuli jioni ile, niliunga ule waya, nikauzungusha mbali na mgomba wake, kwa maana mgomba ulikuwa umeshapandwa na hakuna wa kuung'oa. Mchana nikapanda gari kurudi Bukoba. Njia nzima niliwaza jambo moja: yule bibi aliweka jicho lake juu ya neno langu, neno ambalo mimi mwenyewe niliogopa kulijaribu. Tangu hapo nikimaliza kazi nachomoa waya mmoja mbele ya wenyeji, hata nikiogopa, ndipo naomba chai.