Kaseti ya Kavira na Betri Nilizoanika

Siku yangu ya kwanza kazini sikutoka nyumbani. Nilisimamisha godoro mlangoni ili kelele za kuku zisiingie, nikawafukuza na kuku wenyewe, kisha nikakaa kwenye kigoda mbele ya redio kaseti ya mume wangu. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na kile cha kuchezesha. Hapo hapo nikasahau wimbo. Kaseti ile ninayo hadi leo. Anasikika mwanamke akipumua kwa muda mrefu, halafu anasema, "Astaghafirullah," halafu anazima.

Ninyi mnaotunga nyimbo kwa simu mtacheka, na mcheke tu. Mimi nilikuwa mtunzi wa nyumbani hapa Kasese kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kusimama jukwaani hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kutunga wimbo, kuuimba mwenyewe kwenye kaseti, na kuwapa wenye sauti nzuri waujifunze. Ninyi mnaiita demo. Sisi tuliita kaseti ya mfano, na ilikuwa kazi yenye taratibu zake.

Godoro nimeshalitaja. Kichwa cha kusomea, kile chuma kidogo kinachogusa utepe, nilikisafisha kwa pamba na spiriti kila Ijumaa. Mgongoni mwa kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, hakuna anayeweza kurekodi juu ya kazi yako. Ukijuta, unaziba tundu kwa karatasi na kuanza upya. Mimi nilijuta mara nyingi, kwa hiyo kaseti zangu zimejaa karatasi.

Halafu kuna betri. Redio ile ilikula betri sita kubwa, na umeme wa ukutani haukuwa umefika kwetu. Mume wangu, marehemu Twaha, alikuwa dereva wa lori la chumvi kutoka Katwe kwenda Bwera, mpakani mwa Kongo, na betri alinunua anapokumbuka. Zikichoka, nilizitoa na kuzianika juani kwenye jiwe la kufulia, nikizigeuza kama mtu anayegeuza mihogo. Jua la Kasese mnalijua. Kufika alasiri zilikuwa zimepata nguvu kidogo, na mimi nikapata wimbo mmoja zaidi. Nilijisifu sana kwa ujanja huo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mwalimu wa kaswida. Alitaka nyimbo za Maulidi kwa ajili ya kina mama, nami nikampelekea kaseti na mdomo uliojaa maelezo: hapa waimbe kwa upole, hapa wapandishe. Aliinua kidole.

"Binti yangu, nyamaza. Kaseti ijieleze yenyewe. Ukija kunieleza, basi hujamaliza kutunga."

Alinifundisha pia kutaja jina langu na jina la wimbo mwanzoni, kisha kuhesabu hadi nne, ili mwimbaji ajue mwendo wa wimbo kabla haujaanza. Tangu siku hiyo sikumweleza mtu kaseti yangu. Nilimpa na kuondoka, nikiringa kidogo. Kanuni hiyo niliishika kama dini, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Mkubwa wa pili alikuwa Kiongozi wa bendi, aliyefanya mazoezi katika ukumbi nyuma ya hoteli moja mjini. Alikuwa amepiga tarumbeta jeshini, na jeshi halikumtoka. Wapiga gitaa wote aliwaita afande. Mimi pia.

"Afande Hajati! Kaseti iko wapi? Leta. Kaa. Hapana, usikae, kwenda nyumbani tunga ingine!"

Nilimpenda mzee yule, ingawa kwa miaka mingi nilimsema vibaya, na nitawaambia kwa nini.

Lazima kwanza nimlete Kavira. Kavira alikuwa Mkongomani kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, muuza vitenge Bwera. Twaha alikuwa akimbebea marobota yake kwenye lori. Siku lori lilipoharibikia Kasese, alilala kwetu, na kesho yake akaniita Yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa. Nilikuwa nimempita kwa mwaka mmoja tu, lakini nilipokea cheo. Alipokuja kwangu alikuwa na chungu chake mwenyewe jikoni na hakula nilichopika bila kukikosoa. Nami nilipokwenda Bwera nilivikosoa vitenge vyake. Hatukuwa na siri.

Mama yake alifariki huko Butembo wakati ambapo njia zilikuwa zimefungwa kwa vita. Habari ilimfikia siku tatu baada ya maziko. Alikuja kwangu na kaseti mpya mkononi, ingali kwenye nailoni yake, akakaa chini.

"Yaya, bandugu yangu yote balimulia mama. Miye tu sikumulia. Unitungie wimbo ya kulia. Redio ya hapa inasikilikaka mpaka kule. Bataisikia, batajua Kavira naye alilia."

Nikamuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Akazungumza tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Aliitwa Masika. Alikuwa akipepeta maharage huku akigombana nayo kana kwamba yanamsikia. Alitembea polepole sana, na mtu akimhimiza alizidi kupunguza mwendo makusudi. Kutokana na hilo nikapata kiitikio, yaani ile sehemu inayorudiwa na wote: "Nakuja, Mama, nakuja polepole." Beti zilikuwa tatu. Wa tatu ndio uliotaja jina lake, nao ulianza hivi: "Masika, nani atayagombeza maharage leo?"

Niliurekodi wimbo ule kwa betri za juani, Kavira akiwa amekaa pembeni yangu kwenye mkeka. Tuliurudisha tukausikiliza mara moja. Ulikwenda polepole kama mama mwenyewe. Kavira alilia hadi ushungi wangu ukalowa, kwa sababu alijifutia ushungi wangu. Mimi pia nililia, na hadi leo sijatunga wimbo mzuri kuliko ule.

Kesho yake nikampelekea Kiongozi wa bendi, kwa kuwa bendi yake ndiyo iliyorekodi nyimbo za redio. Nikampa kaseti na kuondoka, bila neno, kama Mwalimu alivyonifundisha.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nakuna nazi wimbo ukatoka redioni. Niliacha kukuna. Ngoma zilikuwa zinakimbia, magitaa yanacheka, na waimbaji wanapiga kelele "polepole, polepole" kwa mwendo wa watu wanaokimbizwa na nyuki. Ubeti wa tatu haukuwepo kabisa.

Nilikwenda ukumbini na ndala za bafuni.

"Umeua wimbo wangu!" nikamwambia Kiongozi mbele ya vijana wake.

"Nimeua nini? Mimi napiga vile kaseti inasema, afande. Kaseti inasema haraka, sisi haraka. Ile ya tatu ilikuwa mrefu, watu watachoka kucheza." Kisha akatabasamu. "Na huyo mtoto umepatia kuimba, anaimba mzuri sana. Sauti kama ndege. Ni binti yako?"

Nilidhani ananifanyia mzaha, au ananisifu sauti ili nipoe. Nikachukua kaseti yangu na kumwambia maneno ambayo Hajati hasemi.

Wimbo ulipendwa. Wachota chumvi wa Katwe waliuimba, na maarusi wa Karusandara waliingilia nao ukumbini. Kwenye harusi moja Bwera, msema chochote alinitaja jina, akasema mtunzi yupo hapa, asimame. Watu walipiga vigelegele. Hapa ndipo penye aibu yangu, na siifichi: nilisimama, nikapunga mkono, nikatabasamu. Kavira alikuwa amekaa meza ya tatu kutoka kwangu. Alinifuata nje.

"Bandugu yangu balisikia redio," alisema. "Balituma habari. Banasema mama iko mu kaburi, Kavira iko anacheza. Na weye unasimama, unafurahi."

"Si mimi, Kavira. Ni bendi."

"Nani alibapa kaseti? Kwaheri, Madamu."

Madamu! Mtu ambaye ana chungu jikoni kwangu. Baada ya hapo nilituma watu, nilituma salamu za Pasaka, nilimtuma Twaha na chumvi. Chumvi ilirudi na lori lilelile. Nilimchukia Kiongozi wa bendi kwa niaba ya Kavira, maana ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mwenyewe, na kaseti ile nikaitupa chini kabisa ya debe la biskuti.

Mkubwa wangu wa tatu, Mkurugenzi wa vipindi wa redio moja, alinitungisha nyimbo fupifupi za kuhimiza watu kunawa mikono na kuweka chandarua. Alikuwa mtu mpole aliyevaa tai hata siku za joto kali, na nilifanya naye kazi vizuri hadi meno yangu ya mbele yalipoondoka. Demo ya mtu asiye na meno inapiga mluzi. Alisikiliza moja, akakohoa, akasema, "Hajati, labda sasa upumzike." Huko ndiko kustaafu kwangu.

Mvua za mwaka jana zilipenya kwenye paa, nikahofia debe la kaseti. Nikaamua kuzisikiliza zote kabla kuvu haijazila, kaseti moja kila siku baada ya sala ya alasiri, nikitumia redio ileile ya Twaha, sasa ikiwa imechomekwa ukutani kwa sababu umeme tunao. Nilikutana na mimi wa zamani kila siku. Nimecheka sana; nyingine zilikimbia kidogo, nikadhani ni haraka ya ujana. Kuna jogoo mmoja amewika kwenye nyimbo saba tofauti. Kuna Twaha anauliza chakula katikati ya wimbo wa mapenzi, na nilipomsikia nilirudisha utepe mara nne, nikamjibu, "Kimeiva, njoo."

Kisha nikafikia kaseti ya Kavira. Karibu niiruke. Nikaiweka.

Ilianza na msichana. Msichana mdogo wa kama miaka kumi, mwenye haraka, anataja jina langu. Anataja jina la wimbo. Anahesabu moja-mbili-tatu-nne kwa pumzi moja, kisha anaimba wimbo wa Masika mbiombio. Nilikaa nikishika goti. Sikuwahi kumrekodi msichana yeyote.

Mtu aliyefanya kazi hii hahitaji kuelezwa mara mbili. Betri zikichoka, mota inavuta utepe taratibu. Ukirekodi hivyo na kusikiliza kwa betri zilezile, husikii kasoro yoyote, kwa sababu uchovu ni uleule. Lakini peleka kaseti hiyo kwenye mashine yenye nguvu kamili, kama ile ya Kiongozi iliyotumia umeme, na utepe utakimbia, sauti itapanda, mama mzima atakuwa mtoto. Kiongozi hakuwa anatania. Alipiga alichopewa. Betri zangu za ujanja, na kiburi changu cha kutoeleza neno, ndivyo vilivyomchezesha Kavira juu ya kaburi la mama yake. Kiongozi alishafariki. Nilimwomba radhi kwa dua, tena kwa sauti, nikamwita afande.

Kavira bado alikuwa hai, Bwera. Nikafungasha redio kwenye kanga, betri mpya sita, na betri sita chakavu nilizozitoa kwenye tochi za majirani. Sikutuma mtu mbele. Ningetuma, angekataa.

Nilimkuta uani amekaa, anachambua maharage kwenye ungo. Amekuwa mdogo, macho yana ukungu. Aliinua uso.

"Madamu," alisema.

"Nimeleta kaseti. Sikiliza mara mbili, halafu unifukuze."

Niliweka betri mpya kwanza. Msichana akahesabu, wimbo ukakimbia. Uso wa Kavira ukafungwa, akaanza kuinuka. Nikazima, nikatoa betri mpya, nikaweka zile chakavu. Moja ikaniponyoka, ikaanguka kwenye maharage yake, akaniokotea.

Safari hii mwanamke mzima alitaja jina langu. Alihesabu moja. Mbili. Tatu. Nne. Akaanza kuimba, na nyuma yake mtu alikuwa analia kwa kwikwi.

"Njo miye ule," alisema Kavira.

"Ndiyo wewe. Hivi ndivyo nilivyouimba. Betri zilikuwa zimekwisha na sikujua. Na nilisimama siku ile ya harusi, Kavira. Hilo si kosa la betri. Nisamehe."

Kavira alikuwa amesogeza sikio karibu na redio. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na kiitikio kilizidi kuwa kizito kila kiliporudi, hadi sauti yangu ikawa ya mwanamume, kisha ikawa ngurumo. Ubeti wa tatu ulianza kwa silabi moja tu, "Ma...", redio ikazimika. Redioni jina la mama yake halikufika, na sasa tena halikufika.

Nilitaka kulia. Betri mpya zilikuwapo pale, lakini zile zingetuletea yule msichana, na hakuna kati yetu aliyemtaka.

Kavira aliweka ungo chini. Alifungua mgongo wa redio kama mtu wa nyumbani, akatoa betri moja moja, akazinusa, akatembea taratibu hadi kwenye jiwe la kufulia. Akazipanga juu yake kwa mstari, zote sita, na kugeuza moja iliyokuwa imelalia kivuli. Kisha akarudi, akanivutia kigoda, akausogeza ungo katikati yetu.

"Pile itapata nguvu," alisema. "Ikala, Yaya. Jua ingali mingi. Unisaidie maharage."