Mfuniko wa Kifaru

Juzi, katika duka la vinyago pale Karatu, niliona kifaru cha vita kilichotengenezwa kwa makopo, rangi yake ya kijani bado inanuka. Lakini pua yangu ikakumbuka udongo unaoungua.

Nilikuwa binti mdogo, kwetu Mbulumbulu. Kaka Petro alikuwa amerudi kutoka vita vya Uganda, akawa anashinda kwenye kigoda jikoni kwa mama, haongei. Nikataka kumfurahisha. Nikamfinyangia kifaru kwa udongo wa mtoni, magurudumu ya vizibo vya soda, mtutu wa bua la ngano. Alikigeuzageuza kwa muda mrefu, kisha kwa ukucha wake akakata mfuniko mdogo juu.

"Wanaingilia hapa," alisema. "Na kutoka ni hapa hapa."

Nikafinyanga mtu, mdogo kama harage, nikamtia ndani, nikafunika. Halafu nikakisukumia kifaru katikati ya mafiga kiive, kama mama alivyochoma vyungu vyake. Bua likashika moto, likalia tatata.

Petro aliruka. Akaingiza mikono mitupu kwenye makaa, akaukwangua ule mfuniko kwa kucha huku akipiga kelele, "Toka, Hamisi! Toka!"

Leo najua Hamisi alikuwa mwenzake, aliungulia ndani ya kifaru chao. Siku ile nilidhani kaka hatimaye ameamua kucheza na mimi. Nikafurahi, nikabana pua, nikamwitikia kwa sauti ya yule mtu wa ndani:

"Siwezi, Petro! Pamefungwa!"