Mkono Chini ya Shali

Siku za soko la mifugo la Garissa mzee mmoja ni dalali wa ngamia, na bei huisema kwa vidole, mkono wake ukiwa umeushika wa mnunuzi chini ya shali ili wengine wasione. Jumamosi huwa mshika kibendera uwanjani, shali ikiwa bado begani, na huko hana siri: mpira ukitoka, umetoka. Ila wimbo wa taifa ukianza kabla ya mechi, huinama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Mwalimu Mwiti, kocha wa wasichana, alikuwa ameliona hilo kitambo.

Jumamosi hii akamwendea. "Mzee, kama wimbo unakukera, tuuache. Tumekuja kwa mpira."

"Usiache, mwalimu," akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza. "Mimi niliimbishwa kwa kizuizi cha barabara, abiria wote wakinitazama, ati ndio askari ajue mimi ni Mkenya. Nikasahau maneno, nikalala ndani. Lakini binti yangu yule golikipa, nani amemlazimisha? Wallahi, yeye anaimba akicheka."

Wasichana wakajipanga, wakaanza. Dalali hakuinama. Wala hakufungua kinywa. Alisimama wima kando ya Mwiti, akautafuta mkono wake, akaushika chini ya shali kama wafanyavyo sokoni. Kisha kidole kimoja kikaanza kugonga kiganja cha mwalimu, taratibu, kikiufuata wimbo neno kwa neno hadi mwisho, bila kusahau hata moja.