Kengele ya Ndoa ya Ghislaine

Ghislaine wa Kadutu alikuwa fundi wa réseau, yaani mtandao wa kompyuta, na mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko internet yoyote aliyowahi kuifunga mjini Bukavu. Siku ya ndoa yake kitu kimoja tu kilimtia jasho: aliahidi kwamba kengele ya parokia italia bila mtu kupanda mnara.

Katika ukoo wa mume wake, Destin, bibi arusi hatoki mlango wa kanisa baada ya misa kabla kengele haijalia. Papa Zagabe, msakristani, magoti yake yalishakataa ngazi. Basi Ghislaine akamfungia kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Upande mmoja kiliungwa kwa waya na mashine kuukuu ya kengele, ile inayopokea maneno herufi moja moja, polepole, kama mutoto anayejifunza silabi. Upande wa pili, waya wa réseau. Kisanduku ndicho mkalimani wao.

«Adresse IP ni namba ya nyumba,» alimweleza Papa Zagabe. «Port ni mulango. Ordinateri inaenda kwa ile nyumba, inapiga hodi kwa ule mulango, kengele inalia.»

«Na kama nyumba imehama?»

«Papa, sanduku haina miguu!»

Maman Eulalie, mama yake Destin, alikunja uso. «Masini bila ubatizo ndiyo itamuozesha mutoto yangu?»

Siku ikafika. Katikati ya misa umeme ulikatika, ukarudi. Hakuna aliyegeuza shingo. Abbé, padre wa parokia, akabariki, kwaya ikapandisha sauti, maharusi wakafika mlangoni. Kule sakristia Papa Zagabe akabonyeza ordinateri, kompyuta ya parokia. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya chenye adabu zake.

Kwaya ikarudia wimbo wa kutokea mpaka sauti za wanaume zikaanza kukwaruza. Wageni wakabanana nyuma ya maharusi, vitenge vikipigana mabega.

«Bibi arusi,» akauliza Maman Eulalie, «tutalala humu?»

Ghislaine akakamata gauni kwa mikono miwili, akakimbilia sakristia, velo ya kichwani ikimfuata kama pazia lililotoroka dirisha. Akafungua orodha ya vyombo vyote vilivyo kwenye réseau. Akacheka hadi poda ikapasuka usoni.

Kosa lilikuwa lake. Kisanduku hakukipa namba ya kudumu. Alikiacha kipewe na routeur, kifaa kinachogawia kila chombo namba yake, anayewahi ndiye anayepata. Nao wanakwaya walikuwa wamegawa mot de passe, neno la siri la wifi, kwa ukoo mzima kama biskuti. Umeme uliporudi, simu ziliwahi, kisanduku kikachelewa kikapewa namba nyingine. Ile ya zamani ilikuwa sasa kwa simu iitwayo «Eulalie».

«Maman!» akapaza sauti. «Kengele tunaipiga ndani ya sakoshi yako!»

Maman Eulalie akafungua sakoshi, mkoba wake wenye simu, akachungulia, akaifunga upesi. «Mimi sikuiba kitu!»

Kanisa zima likavunjika kwa kicheko. Ghislaine akakipa kisanduku namba yake peke yake, mbali na zile za simu, akaiandika pia kwenye programu ya kengele. Akarudi mbio, akamshika Destin mkono.

«Papa Zagabe, piga!»

Kengele ikalia, ikajaza mtaa. Maman Eulalie ndiye aliyetangulia kwa vigelegele, akamsukuma mkwe wake kwenye jua:

«Toka, maman, toka! Na ukitoka kwa lune de miel, fungate yenu, unakuja kuniwekea hii masini ya kengele kwa mulango ya nyumba yangu!»