Kompyuta Iliyovishwa Nguo za Idd

Kwetu Mji wa Kale Idd haikuja kwa watu peke yao. Kuta zilipigwa chokaa, mapazia ya zamani yakateremshwa yakapandishwa mapya, foronya zikabadilishwa, hata mtungi wa maji ukapata kitambaa kipya chenye shanga pembeni. Mamangu alikuwa akisema kwamba chombo kitakachokutwa na Idd katika hali ya jana kitamlaani mwenye nyumba. Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa akisugua huku akisema.

Mwaka ninaousimulia, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa na chombo kimoja kigeni. Baba alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kilindini, na ofisi iliponunua kompyuta mpya, ile ya zamani akapewa yeye. Tuliiweka ghorofani, chumba cha ndani, tukaifunika leso. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kusoma kompyuta kidogo huko Ganjoni, kwa hivyo nikawa fundi wa nyumba, cheo nisichokistahili lakini sikukikataa.

Kilichokuwa ndani ya kompyuta ile hakuna jirani aliyekijua. Mamangu alikuwa akisoma. Alitolewa shule angali msichana akaolewa, akatulea sote, na alipomwona kitinda mimba wake ameanza darasa la kwanza, akaenda kujiandikisha mafunzo ya ualimu wa watoto wa chekechea. Akitoka nyumbani alishika kikapu, watu wakidhani anaelekea sokoni. Na kweli wakati wa kurudi alipitia Marikiti, asije akarudi na kikapu kitupu akaumbuka.

"Nikishindwa, nishindwe peke yangu," aliniambia. "Sitaki kuulizwa dirishani."

Anayejua vichochoro vyetu atamwelewa. Nyumba zimekaribiana hata ukipiga chafya kwako, wa ng'ambo anakuombea rehema. Chumvi, habari na watoto vilipita dirishani kutwa nzima, na maneno ya watu yalipita humo humo.

Kazi yake ya mwisho ya masomo ilihusu namna ya kumfunza mtoto kuhesabu kwa vitu vya jikoni mwao. Hakuiandika kwa kalamu. Alipanda ghorofani na mbuzi yake ya kukunia nazi, au ungo wa mchele, akaketi chini akisema huku mikono ikifanya kazi yake, nami nikichapa. Siku nyingine alisema vizuri hata mikono ikasimama. Akimaliza alisahau alivyosema. Nikimwomba arudie, aliniletea maneno mengine kabisa. Yale ya kwanza yalikuwa ndani ya mashine tu. Kazi ilitakiwa ifike kwa walimu wake asubuhi ya siku ya pili ya Idd. Mashine ya kuchapishia ilikuwa ofisini kwa baba, nasi tulipanga kuitia kazi kwenye disketi siku ya mwisho, mama akishatosheka nayo. Naye mama hakuwa mtu wa kutosheka.

Asubuhi ya Idd, baba alipokwenda kuwaamkia wazee wake, aliingia binamu yangu mmoja aliyekuwa amerudi Dubai kwa likizo. Alinukia uturi hata paka wa nyumbani akahama sebuleni. Mfukoni alikuwa na sidi ya mapambo ya kompyuta. Ukiyatia, alisema, kioo chote hugeuka bustani: waridi nyuma, vitufe vya dhahabu, na kengele inalia kila ukifungua kitu. Mamangu alikuwa akipita na chetezo, anafukiza udi vyumbani. Akasimama mlangoni akaitazama mashine.

"Nyumba nzima imevaa, na hicho kimekaa na rangi ya jivu la jikoni? Kivisheni nacho."

Tukakivisha. Katikati ya kazi mashine ikauliza kwa Kiingereza: humu mna faili za zamani, je, ziondolewe ziwekwe mpya? Siku ya Idd ukiulizwa wataka kipya au cha zamani, utajibu nini? Tukajibu ndiyo, na ilipouliza tena tukajibu ndiyo kwa zote. Hatukujua kwamba mapambo yale yalishonewa kompyuta za kisasa zaidi kuliko yetu.

Ilipojizima na kujiwasha, hatukuona waridi. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe unaolalamika kwamba kuna faili haielewani na nyingine. Tukaizima, tukaiwasha. Vile vile. Binamu yangu akakunja mikono ya kanzu, akabonyeza hiki na kile, kisha akatoa hukumu.

"Dawa yake ni moja tu. Yafutwa yote, ianzwe upya."

"Yote?" akauliza mama.

"Yote."

"Na kilichomo?"

"Kilichomo ndiyo basi tena, shangazi."

Alisema kama mtu anayeshauri kikombe kisuuzwe. Nikamwambia ateremke akale tambi kabla hazijapoa, maana angekaa pale ningemwambia jingine. Mama alikiweka chetezo sakafuni, akaketi kitandani na gauni lake jipya. Hakulia. Alitazama kioo cheusi, akasema polepole, "Basi haikuandikwa."

Mpaka leo neno hilo likinijia, moyo hunishuka. Alilisema bila uchungu, kana kwamba alikuwa akilitarajia tangu siku ile alipotolewa shule.

Palikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua mashine ile kindani. Alikuwa karani mwenzake baba ofisini, Mtaita, Mkristo, ambaye ndiye aliyeitumia miaka yote kabla haijaletwa kwetu. Siku hiyo alikuwa Kilindini. Meli hazijui sikukuu, kwa hivyo yeye na baba walikuwa na mapatano yao ya miaka: Idd yeye alishika zamu ya baba, na Krismasi baba alishika yake. Sinia ya biriani ilimfuata ofisini kila Idd, na Krismasi baba alirudi na keki. Alikuwa peke yake ofisini na asingeweza kutoka. Lakini simu aliweza kuipokea.

Simu ilikuwa nyumba ya ng'ambo, chini, sebuleni, na sebule yenyewe imejaa wageni waliokuja kupeana mkono wa Idd. Nilimtazama mama. Hakukuwa na haja ya kumweleza. Alijua kwamba kuiomba simu ile ni kuutangazia mtaa. Nikafungua kinywa kusema nitakwenda mimi, nitatunga uongo fulani. Hakuningoja. Aliinuka, akasukuma mbao za dirisha, akatoa kichwa nje.

"Shoga! Shoga yangu! Nakuomba simu yako! Kazi yangu ya masomo imekwama ndani ya kompyuta!"

"Masomo ya nani?" jirani akauliza akitoka mlangoni.

"Yangu mimi! Nasomea ualimu!"

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na buibui zao mpya wakasimama, mmoja ameshika sahani ya kaimati iliyofunikwa. Nilingoja kicheko.

"Nipa nambari!" jirani akasema.

Hivyo tu. Namshukuru Mungu kwa mwanamke yule, kwa sababu angeweza kuuliza mengi siku ile.

Waya wa simu ulikuwa mfupi, na kompyuta yetu ilikuwa chumba cha ndani, kwa hivyo maneno yalihitaji miguu. Jirani alipiga nambari ya ofisi, akashika simu sebuleni mwake. Yule mwenye kaimati, aliyeijia Idd yake tu maskini, akasimama mlangoni. Mama alikuwa dirishani kwetu, nami mbele ya mashine. Karani wa Kilindini akisema neno, lilipita kwa wanawake watatu kabla halijanifikia.

"Yuwasema musitie hofu!" likaja la kwanza. "Hakuna kilichofutika! Imebanwa na nguo tu, tutaivua!"

Nilihisi mama akishusha pumzi.

Akataka niiwashe upya na nibonyeze kitufe cha F nane kabla haijaanza kulalamika. Nikakosa mara ya kwanza, nikapata ya pili. Ikatoka orodha ya Kiingereza. Nikaisoma kwa sauti, ikapita dirishani, mlangoni, sebuleni, ikaenda Kilindini ikarudi: nichague ile ya herufi tupu, isiyo na picha. Mapambo yale, alieleza, kabla ya kuziondoa faili za zamani yalizihifadhi pembeni. Kazi yangu ni kuzirudisha mahali pake kwa amri za kuchapa, herufi kwa herufi.

Hapo mwenye kaimati akaona herufi zitapotea njiani, akaanza kuzipa vyakula.

"C! Hino haina chakula, ni C tu! Inshallah! O ya Omani, kwenye halua! P ya pilau! Y ya yai!"

Kila amri ilinifikia na inshallah yake, na nyingine zikaongezewa dua nzima. Nikawa napunguza baraka kwanza ndipo nichape. Wageni waliotoka sebuleni kwa jirani hawakwenda zao. Walisimama nje wakiulizana ni nini, wakielezwa, na mtu mmoja akipitwa na herufi mwingine alimrudishia. Kaimati zikafunuliwa zikazungushwa. Binamu yangu alipanda na bakuli lake la tambi akasimama nyuma yangu kimya, na kwa hilo pia nashukuru.

Nikarudisha faili ya kwanza, na ya pili, na zote zilizotajwa. Mashine ikajibu kila mara kwa mstari mkavu kwamba imenakili.

"Yuwasema zima, uwashe! Sasa wacha ijifungulie yenyewe!"

Nikawasha. Kioo kikabaki cheusi kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kungoja mwezi uandame. Mama aliondoka dirishani akaja kusimama begani kwangu. Mkono wake ulinukia udi. Kisha kikaja kijivu. Kijivu kile kile kibaya, cha jivu la jikoni. Sijawahi kupenda rangi yoyote kama nilivyoipenda ile. Nikaifungua kazi yake, na sentensi ya kwanza ilikuwepo, na ya mwisho ilikuwepo. Nikaitia kwenye disketi hapo hapo kabla ya kusema lolote.

"Mwasemaje huko?" mwenye kaimati akauliza kutoka mlangoni.

Mama akarudi dirishani. "Ipo! Ipo yote!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, arusi nyingi hazikuvipata. Nilidhani yameisha, sasa watu watakwenda kula. Lakini jirani akapiga kelele kutoka sebuleni, simu bado mkononi.

"Tusomeeni basi! Tumekauka makoo na hatujui kwa lipi!"

Mama akatikisa kichwa. Akanitazama, akatazama nje, akatikisa tena. Sikumwuliza. Nikasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, kutoka chumba cha ndani, na kwa kuwa alikuwa ameshazoea kupitisha maneno, akaipitisha.

"Mtoto haanzi kuhesabu kwa tarakimu," akasema dirishani. "Huanza siku anapogawa kitu na nduguze akaona haki haikutoka sawa."

Mwanamke wa mlangoni akaichukua, hakuiongeza kitu, akaipeleka ndani. Nikasoma ya pili. Njia ile ile iliyoniletea herufi ikawa inatoa maneno ya mama moja moja, ya vijiko na kunde na vifuu vya nazi, na chini nilisikia wanawake wakisema, "Ndiyo, kweli hivyo," na mmoja akacheka kwa kujitambua. Sauti ya mama ilianza ndogo ikawa inakua.

Kule Kilindini karani alikuwa angali kwenye simu, hajui kinachoendelea. Lazima aliuliza, kwa sababu tulimsikia jirani akimjibu kwa sauti ya kumkemea, na dirisha letu lilikuwa wazi.

"Hebu nyamaza, bwana. Mwalimu yuwasomesha."

Mamangu akaiacha sentensi katikati. Alijifuta uso kwa upindo wa mtandio wake, akageuka ndani.

"Rudia hapo nyuma," akaniambia. "Wengine hawakusikia vizuri."