Hodi ya Kusimama

Harufu ya dumu tupu la mafuta ya kula, lililoachwa juani bila kifuniko, hunirudisha kwenye bwawa la kijijini kwetu upande wa Mkongo haraka kuliko picha yoyote. Ni harufu nzito ya mafuta yaliyochacha, na ikichanganyika na tope la mto na magamba ya perege inakuwa harufu ya mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka niliokuwa darasa la nne. Hapa Kibiti ninapoishi sasa, mwenye duka jirani yangu hupanga madumu matupu mbele ya mlango wake. Kila jioni nikirudi kutoka shuleni ninakofundisha, miguu imevimba, mkoba wa madaftari begani, napita hapo na kuivuta harufu hiyo bila kupenda. Wenzangu utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia madumu, na hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Mwaka ule mto ulipanda kuliko tulivyozoea. Sisi watu wa bondeni hatuyalaani mafuriko, maana ndiyo yanayotuletea rutuba na samaki, lakini yale yalikuja mpunga ukiwa bado mchanga na yakakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Dungu letu, kile kibanda cha juu ya nguzo tulichokaa kuamia ndege, liliinama upande mmoja kisha likalala. Mtumbwi wa Baba ulikatika kamba usiku na hatukuuona tena. Maji yalipoanza kupungua, shamba letu lote lilikuwa limegeuka bwawa, mpunga umeoza chini, na juu yake samaki wanaruka wanavyotaka. Nyumbani tulikuwa na Mama aliyetoka kujifungua, kichanga chake, mimi na Baba. Ghala lilikuwa tupu. Chakula chetu chote kilikuwa kinaogelea mbele ya macho yetu, nasi hatuna chombo cha kukifuata.

Baba hakuwa mtu wa kushika tama. Alizunguka kwa jamaa na kwa wenye maduka akakusanya madumu kumi na mawili ya manjano, akayakaza vifuniko, akayapanga safu mbili, sita huku na sita huku, kila safu akaivika wavu mkuukuu na kuifunga kwa kamba za katani. Juu yake akalaza mbao za lile dungu lililoanguka. Kikawa chelezo. Watu walikuja kukitazama kana kwamba tumeoza binti. Jirani mmoja akauliza, "We bwana, hiki chombo au duka la mafuta?" Baba akamjibu, "Duka. Leta chupa nikupimie." Hata Mama, ambaye tangu mpunga uzame alikuwa hacheki, alicheka siku hiyo.

Chelezo cha madumu hakizami, lakini kina kasoro yake. Ukikaa kimetulia, ukisimama, kinaanza kukuuliza wewe ni nani. Na mvuvi wa kimia, yule anayetupa wavu wa duara ukafunguka hewani, hawezi kutupa amekaa. Lazima asimame. Kuanguka majini katika mabwawa yetu si jambo la kuchekwa, kwani mamba naye alikuwa ameletwa na mafuriko yale yale yaliyomleta perege. Kwa hiyo Baba alinifundisha kusimama kabla hajanifundisha kitu kingine chochote. Alianzia uani, nchi kavu. Alilaza madumu mawili, akaweka ubao juu, akaniambia panda. Nilianguka mpaka kuku wakazoea. Miguu peku, alisema, kila unyayo juu ya safu yake ya madumu, usiikusanye miguu kama bibi harusi. Anza kwa goti moja, pumua, ndipo uinuke. Magoti yalegee. Macho yatazame mti wa ng'ambo, usiyatazame maji, maji yana maneno mengi. Na kubwa kuliko yote, "Ukiona unaanguka, kaa. Makalio hayana aibu."

Halafu kulikuwa na hodi. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, sijaisikia kwa mvuvi mwingine. Kwenye chelezo hawasimami watu wawili. Anayetaka kusimama hubisha hodi, kama anaingia nyumba ya watu, na hainuki mpaka mwenzake ajibu, "Simama, nimekaa." Hata kama unamwona kakaa, sharti ubishe, hata kama kakuona unataka kuinuka, sharti akujibu. Baba, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akinibishia hodi mimi mtoto wa miaka kumi, mara ishirini kwa siku moja, nami nikimjibu kwa sauti ya kujidai. Yeye mbele na kimia chake. Mimi nyuma, nimeshikilia upondo aliouchomeka kwenye tope ili chelezo kisizunguke. Wiki kadhaa tulikula vizuri, na perege wa ziada tukawakausha kwa moshi.

Sasa niseme kuhusu mwalimu wetu wa darasa la nne. Alikuwa mtu mwenye heshima zake na fimbo yake. Kama ilivyokuwa shule zote, alipoingia darasani tulisimama, mikono nyuma, tukaimba shikamoo. Lakini yeye alikwenda mbali zaidi: popote utakapomwona, njiani, kisimani, sokoni, kama umekaa usimame. Aliyemwamkia amekaa aliitwa Jumatatu mbele ya shule nzima. Adabu si adhabu, wahenga walisema. Shuleni kwetu vitu hivyo viwili vilikaa nyumba moja. Mimi nilikuwa nimeitwa mara moja, kwa kosa la kumwamkia nikiwa nimekaa napepeta mchele, na nilijiapiza kuwa halitatokea tena.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Baba amesimama, amenipa mgongo, anavuta kimia kilichojaa mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mara mtumbwi ukachomoza kwenye matete, kijana mmoja anapiga kafi na katikati amekaa mwalimu na jembe lake, anakwenda shambani kwake kutazama kama kumebaki kitu. Macho yetu yakakutana. Sikufikiri. Niliuachia upondo, nikasimama wima, miguu pamoja, mikono nyuma. "Shikamoo, mwalimu!"

Chelezo kilizunguka na kuinama kwa wakati mmoja. Mguu wa kushoto wa Baba uliteleza katikati ya mbao mbili ukanasa, mwili ukaenda majini, na mguu ukabaki. Nilisikia ukivunjika kama muwa. Mwalimu alikuwa amesimama nusu kwenye mtumbwi wake, ananipigia kelele, "Kaa chini, we mtoto! Kaa!" Nikakaa. Yeye na yule kijana ndio waliomnyanyua Baba na kutuvuta mpaka ukingoni. Watu wakajaa, wanauliza kumetokea nini. Baba jasho linamtoka, midomo imekuwa ya kijivu, akasema, "Kisiki. Tumegonga kisiki." Sikujua amesema hivyo kwa nini. Pengine kweli hakunisikia, maana kimia kilikuwa kinapiga maji. Mwalimu alinitazama, akatazama chini, akarudi mtumbwini kwake, na mwaka uliofuata alihamishwa. Nami nikanyamaza.

Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, na tangu hapo Baba hutembea kama mtu anayeshuka ngazi moja kila hatua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii watoto wote wa Kiswahili wamecharazwa nayo, lakini kwetu ilikosea mtu. Aliyekaidi alibaki na miguu yake miwili, guu likamvunjika mkuu. Jambo moja tu lilinikaa kooni. Siku moja Mama akimkanda maji ya moto nilimsikia akinong'ona, akimwita kwa jina langu, "Pale ndipo lilipokuwa shamba letu, baba Somoe. Kisiki kimetoka wapi?" Baba akamwambia maji yamepoa, aongeze mengine.

Msimu ule uliobaki nilisimama mimi. Hapakuwa na mwingine; Mama ana kichanga mgongoni, na njaa haisubiri mfupa uunge. Wiki chache baadaye Baba alibebwa mpaka kwenye chelezo, akakaa nyuma, mguu umenyooshwa ndani ya vijiti, upondo mkononi, na mimi mbele na kimia kidogo alichokipunguza yeye mwenyewe kwa kisu. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Yeye hakuweza kuinuka hata angetaka, lakini bado nilibisha hodi kila mara, na kila mara alinijibu kwa sauti ile ile, bila kuchoka, "Simama, mama. Nimekaa." Nikasimama. Nililisha nyumba kwa miguu yangu miwili nikiwa ndiyo kwanza natimiza miaka kumi na mmoja, na watu walinisifu, na kila sifa ilinichoma kwa kuwa nilijua kilichonisimamisha pale.

Tangu hapo sijakaa, naweza kusema. Nimekuwa mwalimu, kazi ya kusimama. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo, nikasimama. Mama naye alitangulia, nikamchukua Baba kutoka bondeni nikamleta hapa Kibiti, kwenye barabara ya lami na malori yapitayo usiku kucha. Siku hizi bondeni vijana wana boti za faiba, na wengine huvaa jaketi za kuelea za rangi ya chungwa, wanasimama wanavyopenda huku wanaongea na simu. Sina ugomvi nao. Wanafunzi wangu ndio wanaonishinda: kila asubuhi nikifungua mlango wa darasa, watoto zaidi ya sabini wanainuka kwa kishindo, "Shikamoo, mwalimu!" na sakafu ya saruji inainama chini yangu. Nimewaambia waniamkie wamekaa. Mkuu wa shule ameniita mara mbili kuniuliza naharibu adabu kwa nini. Nimechoka, nasema kweli, na uchovu wangu hautokani na chaki peke yake.

Baba sasa hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Alfajiri, kabla sijatoka, huniita, "Hodi." Nami huvuta kigoda, nakaa, namshika mikono yote miwili, namjibu, "Simama, nimekaa." Anainuka taratibu, goti moja kwanza, macho yake dirishani. Wageni wakituona hudhani mzee amepotewa na akili na binti yake anamfuatisha.

Juzi nilichelewa. Mkoba begani, ufunguo mkononi, nikasikia hodi nikajibu nimesimama mlangoni, "Simama tu, Baba."

"Umekaa?"

"Nimesimama, Baba, nachelewa, watoto wananingoja."

"Basi mie siinuki."

Nilivuta kigoda kwa hasira, nikakaa, na nilipokaa tu machozi yakatoka. Sikuyaita. Ni uchovu, mtu akiwa amechoka hivyo hana nguvu ya kushikilia kitu, hata siri. Nikasema, "Baba, siku ile hapakuwa na kisiki."

"Kisiki, shambani kwangu? Shamba nililong'oa mwenyewe mzizi kwa mzizi?"

"Ulijua?"

"Ulivunjika mguu, Somoe. Masikio hayakuvunjika."

Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na kata lilikuwa limelala chumba cha pili miaka yote hiyo, linakula ugali wangu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini aliniacha niibebe peke yangu, miaka zaidi ya thelathini. Akavuta shuka gotini.

"Ningesema ungesimama tena, wewe? Nlikujua. Ungekaa chini maisha. Na sie tulikuwa twala kwa miguu yako." Kisha akasema taratibu zaidi, "Baadaye nkawa nakungoja useme mwenyewe. Ukawa husemi."

Nje lori lilipita, vikombe vikatikisika mezani. Nikaishika mikono yake, mikavu na myepesi. Nikadhani yameisha. Ndipo akaniuliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Yule mwalimu wako. Alikuitikia?"

Ilinibidi nirudi kule majini kutafuta jibu. "Hakuitikia, Baba. Alisema kaa chini."

Akatikisa kichwa, kama anayesikitikia malezi ya watu. Kisha akanyoosha mgongo, akayaelekeza macho yake kwenye mwembe wa jirani, ng'ambo ya dirisha.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, kaa vizuri. Nasimama."